Mzee ana QMB na bili ya hospitali imekuja: usifungue pochi kwanza

Wazee wetu wamelelewa na msemo ambao huku Marekani huwagharimu: dawa ya deni kulipa. Barua ikifika yenye nembo ya hospitali na tarakimu iliyotanguliwa na alama ya dola, mzee haulizi. Anamwita mjukuu, anampa kadi ya benki, anasema, "Lipa, nisije nikafa na deni la watu."

Nimekuwa mkalimani wa familia za Kikongo na Kirundi huku Kentucky kwa miaka kadhaa. Mama mmoja mwenyeji wa Uvira alikuwa akiilipa hospitali fulani dola 25 kila mwezi tangu alipopimwa moyo. Mwezi wa saba ndipo mwanawe aliponionyesha barua, na wala si kwa sababu alishuku kitu. Alitaka tu nimwombee hospitali wapunguze ziwe 15. Mama hakuwa anadaiwa hata senti moja. Alikuwa na QMB, mpango wa serikali wa kumlipia mzee wa kipato kidogo sehemu ya gharama za matibabu inayomhusu, na sheria ya nchi ilikuwa imekwisha kukataza bili ile isiandikwe.

Mwongozo huu ni wa wewe uliye mfungua barua wa nyumbani: mtoto, mkwe au mjukuu anayejua kusoma Kiingereza kuliko wengine.

Kwanza, elewa kadi mbili zilizo mkobani mwa mzee

Medicare ni bima ya serikali kuu kwa waliotimiza miaka 65, na kwa baadhi ya wenye ulemavu. Kadi yake ni nyeupe yenye nyekundu na buluu. Medicaid ni ya wenye kipato kidogo, huendeshwa na kila jimbo, na ndiyo maana jina hubadilika: Arizona wanaiita AHCCCS, Maine ni MaineCare, Tennessee ni TennCare. Zote mbili zilizaliwa kwa sheria moja mwaka 1965, na hadi leo watu huzichanganya, hata wale walio nyuma ya dirisha la mapokezi.

Medicare hailipi kila kitu. Kwa daktari na vipimo, mgonjwa hujilipia kwanza kiasi cha mwanzo cha mwaka (dola 257 mwaka 2025), kisha asilimia 20 ya kila huduma. Akilazwa, mwaka huo huo wa 2025, dola 1,676 za mwanzo ni zake. Juu ya hapo kuna ada ya kila mwezi ya Sehemu B (ile ya daktari na vipimo), ambayo ilikuwa dola 185 mwaka 2025 na ikapanda hadi 202.90 mwaka 2026. Kwa mzee anayeishi kwa dola elfu moja na kidogo kwa mwezi, hapo hapaliki tena.

QMB iliwekwa kuziba pengo hilo. Kwenye barua utaona jina lake refu, Qualified Medicare Beneficiary. Jimbo, kupitia Medicaid, linabeba ada ya kila mwezi, kiasi cha mwanzo, ile asilimia 20 na kopei, yaani kiasi maalumu anachotozwa mgonjwa kwa kila huduma. Pamoja na hayo kuna kinga: daktari, hospitali, maabara, gari la wagonjwa, muuza vifaa vya hospitali, yeyote anayepokea fedha ya Medicare, haruhusiwi kumtoza mwenye QMB sehemu hiyo ya mgonjwa kwa huduma ambazo Medicare inazigharamia. Kinga hii imo katika Sheria ya Hifadhi ya Jamii (Social Security) ya Marekani, na sheria ya bajeti ya mwaka 1997 iliikaza ili pasiwe na mwanya.

Kwa nini basi bili zinakuja?

Ukilijua hili hutatikisika kwenye simu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua huduma ambayo Medicare imeipangia bei ya dola 100. Medicare inalipa 80. Zimebaki 20, na daktari anazipeleka kwa Medicaid ya jimbo. Jimbo linafungua daftari lake na kuona kwamba lenyewe huduma hiyo lingeilipia dola 70 tu. Linajibu: umekwisha kupokea 80, zimezidi bei yetu, hatuongezi. Sheria ya 1997 iliyaruhusu majimbo kufanya hivyo, na mengi yanafanya. Daktari amebaki na pengo la dola 20 mkononi, na sheria hiyo hiyo inamwambia: ulichopokea ndicho malipo kamili, mgonjwa usimguse.

Wengine wanalimeza hilo kimyakimya. Wengine mashine yao ya bili haijui, inaona salio na kumtumia aliye karibu, yaani mzee. Na wapo, nasema bila kumung'unya, wanaojua fika na kutuma hata hivyo, kwa kuwa wazee wengi hulipa. Mwaka 2015 CMS, wakala wa serikali kuu unaosimamia Medicare, ulitoa utafiti wake wenyewe ukikiri kwamba utozaji huu usio halali umeenea. Tangu mwishoni mwa 2017 ofisi za madaktari zinaweza kuona kwenye mfumo wa Medicare, kabla hata mgonjwa hajakaa kitini, kwamba ana QMB na hadaiwi kitu. Kwa hiyo "hatukujua" siku hizi ni udhuru mwembamba.

Hatua ya kwanza: usilipe, usiahidi, usisaini

Hata dola 5 za "kuonyesha nia njema" usitoe. Usikubali mpango wa kulipa kidogokidogo. Ukiambiwa kwenye simu kwamba mzee anaweza kuchagua kulipa kwa hiari, si kweli: mwenye QMB hawezi kuikana kinga yake, wala daktari hawezi kumgeuza kuwa mgonjwa wa kulipa taslimu ili kuikwepa sheria.

Mapokezi nako kuwe na jicho. Kuna kliniki zinazodai kopei kabla ya kumwona daktari. Mwenye QMB hatakiwi kuombwa kopei ya Medicare pale dirishani. Mlipokwisha kulipa kwa kutojua, tunza risiti, tutairudia.

Hatua ya pili: hakikisha ni bili, na mzee ana QMB kweli

Karatasi nyingi zinazotisha si bili. Medicare hutuma taarifa ya huduma, inayoitwa Medicare Summary Notice, na juu yake imeandikwa kuwa si bili. Usiitupe! Kwa mwenye QMB taarifa hiyo inaonyesha kwamba yumo kwenye mpango na kwamba kiasi anachoweza kutozwa ni dola 0. Ndiyo silaha yako nzuri kuliko zote, kwa sababu imetoka kwa Medicare yenyewe. Aliyejiunga na Medicare kupitia kampuni binafsi, ile Medicare Advantage, haletewi hiyo. Kampuni yake humtumia maelezo yake, na kinga ya QMB inamlinda vilevile.

Usitegemee kadi ya QMB, maana huenda jimbo lenu halitoi. Tafuta barua ya kukubaliwa iliyotoka ofisi ya Medicaid ya jimbo. Ikiwa imepotea, piga 1-800-MEDICARE, yaani 1-800-633-4227, uulize kama jina la mzee lina QMB na tangu tarehe gani. Simu inapokelewa saa 24, mkalimani ni bure. Mhudumu akipokea, sema neno moja tu, "Swahili", kisha subiri. Mzee awe karibu ili atoe ruhusa yake mwenyewe wewe uzungumze kwa niaba yake.

Shika tarehe ya kuanza. QMB huanza mwezi unaofuata ule uliokubaliwa, hairudi nyuma. Huduma ya Machi na QMB ya Mei ni mambo mawili yasiyokutana, na bili hiyo ya Machi itabidi itafutiwe njia nyingine.

Angalia pia usije ukachanganya QMB na nduguze. Kuna SLMB na QI, kwa wenye kipato cha juu kidogo. Hizo humlipia mzee ada ya Sehemu B peke yake, hazimkingi na bili. Nimeona watu wakipigana na hospitali miezi mitatu kwa barua ya SLMB.

Hatua ya tatu: piga simu ofisi ya bili

Uliza ofisi ya bili, si mapokezi. Uwe na namba ya bili, tarehe ya huduma, kadi zote mbili na ile taarifa ya Medicare. Maneno yawe machache: mama yangu yuko kwenye QMB, sheria ya Medicare inakataza kumtoza kiasi hiki, naomba mfute salio na mpeleke dai kwa Medicaid. Andika jina la uliyezungumza naye, siku na saa. Mwambie akutumie barua inayosema salio ni sifuri.

Utajibiwa majibu haya, karibu neno kwa neno. "Sisi hatupokei Medicaid." Haijalishi, wanapokea Medicare, basi wamefungwa na sheria. "Mgonjwa ni wa jimbo lingine." Haijalishi pia. Bibi wa Kentucky aliyekwenda kumsalimia mwanawe Ohio na kuugulia huko, kinga yake amekwenda nayo. "Medicaid ilikataa kulipa." Rudi kwenye zile dola 70: jimbo kutoongeza kitu hakumfanyi mzee mdaiwa.

Na jambo moja la heshima. Usimtume mtoto wa miaka 12 kutafsiri habari hizi, wala hospitali isikubali kumtumia. Kituo cha afya kinachopokea fedha za serikali kuu kinatakiwa kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo, na sheria hairuhusu kumtegemea mtoto mdogo isipokuwa kwa dharura. Mzee ana mambo ya mwili wake ambayo hatayasema mbele ya mjukuu, na bili nyingi za ajabu zilianza kwa historia ya ugonjwa iliyosimuliwa nusu.

Simu isipotosha, tuma barua kwa posta ukiambatanisha nakala ya taarifa ya Medicare. Nakala, si karatasi yenyewe.

Hatua ya nne: wakikaidi, panda juu

Piga tena 1-800-MEDICARE, na safari hii useme mtoa huduma ameambiwa na bado anatoza. Wana utaratibu wa kulipeleka shauri kwa mkandarasi wa Medicare wa eneo lenu, naye humwandikia daktari barua ya onyo. Anayeendelea kuvunja sheria hii anaweza kuadhibiwa na Medicare yenyewe, na hakuna meneja wa bili anayetaka barua ya namna hiyo mezani kwake. Bili niliyokuwa nikiizungushia simu wiki nne ilifutwa siku chache baada ya barua kufika. Aliye kwenye Medicare Advantage aanze na namba iliyo nyuma ya kadi ya kampuni yake.

Kama Kiingereza cha ofisini kinakushinda, au umechoka, kila jimbo lina washauri wa Medicare wasiotoza kitu, mtandao uitwao SHIP. Piga 1-877-839-2675 uelekezwe kwa wa jimbo lenu. Washauri hawa hawauzi bima. Wanaouza ndio wale wanaopiga simu wakati wa chakula cha jioni.

Na zile fedha mlizokwisha kulipa? Daktari anatakiwa azirudishe. Omba kwa maandishi, taja kila malipo na tarehe yake, ambatanisha nakala za risiti. Yule mama wa Uvira alirudishiwa dola zake 175, hundi ilichukua kama miezi miwili. Alitaka kuirudisha hundi, akidhani hospitali imekosea.

Bili ikishafika kwa wakusanya madeni

Hapa saa inahesabu. Kampuni ya kukusanya madeni ikituma taarifa yake ya kwanza, una siku 30 za kulipinga deni kwa maandishi. Ukifanya hivyo ndani ya muda, lazima wasimamishe kudai hadi walete uthibitisho. Andika kwamba mzee ni wa QMB, kiasi hiki ni sehemu ya mgonjwa ya Medicare, kisheria hakidaiwi. Weka nakala ya taarifa ya Medicare, tuma kwa barua ya posta yenye kurudisha stakabadhi ya kupokelewa.

Wakiendelea, lalamika CFPB, wakala wa serikali kuu wa kulinda watumiaji wa huduma za fedha: 1-855-411-2372, au kwenye tovuti ya consumerfinance.gov. Kisha kagua ripoti ya mikopo ya mzee (credit report), ile inayoonyesha madeni yake na jinsi anavyoyalipa, hutolewa bure kwenye annualcreditreport.com. Tangu 2023 kampuni tatu kubwa za ripoti hizo ziliondoa madeni ya matibabu yaliyo chini ya dola 500, kwa hiyo bili nyingi ndogo hazitaonekana kabisa. Mwambie mzee hilo, maana vitisho vya simu vya "tutaharibu jina lako" ndivyo vinavyomkosesha usingizi.

Mzee hana QMB lakini anaonekana anastahili

Omba. Ombi linapelekwa ofisi ya Medicaid ya jimbo, nayo inatakiwa kujibu ndani ya siku 45. Kwa mwaka 2025 kikomo cha kipato katika majimbo mengi kilikuwa dola 1,325 kwa mwezi kwa mtu mmoja na 1,783 kwa mume na mke; Alaska na Hawaii viko juu zaidi. Akiba isizidi dola 9,660 kwa mmoja au 14,470 kwa wawili. Nyumba anayoishi haihesabiwi, gari moja halihesabiwi. Vikomo hupanda kila mwaka, na majimbo kama New York na Arizona hayaangalii akiba hata kidogo. Mzee akizidi kidogo, omba tu: mshahara wa kazi, kwa mfano, hauhesabiwi wote.

Swali ninaloulizwa zaidi na jamii yetu ni hili: mama hajawahi kufanya kazi Marekani, atapataje Medicare? Mwenye miaka 65 ambaye ni raia, au ana green card na ameishi nchini miaka 5 mfululizo, anaweza kujiunga bila historia ya kazi. Tatizo ni bei. Asiye na historia ya kazi hutozwa hata Sehemu A, ile ya kulazwa, na mwaka 2025 ilifika dola 518 kwa mwezi. Hakuna mkimbizi mzee mwenye fedha hiyo. Lakini QMB huilipa ada hiyo pia, na familia nyingi hazijawahi kuambiwa. Katika majimbo mengi unaweza kuomba wakati wowote wa mwaka. Katika machache inabidi mzee aende kwanza ofisi ya Hifadhi ya Jamii kati ya Januari na Machi, aombe Sehemu A kwa sharti kwamba QMB ikubaliwe. Waulize SHIP jimbo lenu liko upande gani kabla ya kusaini chochote.

Green card yenyewe sasa ina uzito zaidi. Sheria iliyotiwa saini 4 Julai 2025 imewaondoa wakimbizi wasio na green card kwenye orodha ya wanaostahili Medicare, na fedha za serikali kuu za Medicaid kwao zinakoma 1 Oktoba 2026. Mkimbizi huruhusiwa kuomba green card baada ya mwaka 1 nchini. Kama karatasi za babu zimelala kabatini, ziamshe wiki hii.

Wazee wengine hukataa QMB wakiogopa serikali itachukua nyumba wakifa. Tangu 2010 malipo ya mipango hii hayadaiwi kwenye mirathi. Msiwaache wakaikosa kwa hofu hiyo.

Ambayo QMB haikingi

Vitu ambavyo Medicare haivigharamii kabisa: meno mengi, miwani ya kawaida, vifaa vya kusikia. Hapo tazama kama mzee ana Medicaid kamili, huenda ikavilipa. Daktari aliyejitoa Medicare hafungwi na sheria hii. Aliye kwenye Medicare Advantage akaenda nje ya madaktari wa kampuni bila idhini anaweza kudaiwa. Majimbo mengine hutoza kopei ndogo ya Medicaid, dola chache. Dawa za duka nazo zina mchango wake, ila mwenye QMB huingizwa moja kwa moja kwenye msaada wa dawa, Extra Help. Mwaka 2025 hakutakiwa kuzidisha dola 4.90 kwa dawa isiyo ya chapa na 12.15 kwa ya chapa. Duka likidai zaidi, waambie waangalie tena.

Bili halali ikiwa kubwa, kama ile ya kabla ya QMB kuanza, iombee hospitali msamaha. Hospitali zisizo za faida zinatakiwa na sheria kuwa na utaratibu wa kuwasaidia wasio na uwezo, na fomu yake huwa haiko mezani hadi uiulize kwa jina.

Bahasha ya kila mwaka

QMB nyingi zinazopotea hazipotei kwa kipato kupanda. Zinapotea kwa bahasha isiyofunguliwa. Mara moja kwa mwaka jimbo hukagua upya, na likikosa taarifa hutuma fomu yenye tarehe ya mwisho. Familia imehama nyumba, fomu imekwenda anwani ya zamani, mpango umefungwa, na bili zinazofuata zinakuwa halali. Mkihama, siku hiyo hiyo piga simu Medicaid na Hifadhi ya Jamii, zote mbili, maana haziambiani. Nunua faili la plastiki, weka barua ya QMB mbele kabisa, taarifa za Medicare nyuma yake kwa tarehe, na nakala ya kila barua uliyotuma. Lining'inize mahali ambapo hata mgeni akimpeleka mzee hospitali usiku atalichukua pamoja na koti lake.